Lori Darajani: Uzito Ni Ule Ule, Mahali Ndipo Penye Tofauti

Nakala ya mazungumzo ya kuelimisha umma kuhusu usalama wa madaraja, yaliyotayarishwa kwa mabaraza ya wananchi



Kila mara kibao cha uzito kinapowekwa kando ya daraja, kuna neno moja ambalo husikika sokoni na stejini: "Lakini jana lori kama hili lilipita, na hakuna kilichotokea." Neno hilo si la kupuuzwa. Mwenye lori la mchanga ana mkopo wa kulipa. Mkulima wa miwa anajua kwamba miwa ikikaa juani inapoteza uzito. Njia ya kuzunguka ni ndefu, na mafuta ni ghali. Mtu anayeambiwa asipite ana haki ya kuelezwa sababu.

Sababu yenyewe ni hii. Daraja halisikii uzito wa lori peke yake. Linasikia lori liko mahali gani, na ni nani mwingine aliye darajani wakati huo huo. Lori lililopita salama jana huenda leo likalilemea daraja mara mbili ya jana, ingawa halikuongezwa hata jembe moja la mchanga. Wahandisi wana njia ya kulipima jambo hili, inayoitwa mstari wa athari, na mwananchi yeyote anaweza kuielewa bila hesabu ngumu.

MZIGO UNAOTEMBEA

Ghala la mahindi lina mzigo uliotulia. Gunia likiwekwa pembeni leo, kesho litakuwa pale pale. Fundi akijua uzito wa magunia, anajua sakafu ibebe nini. Daraja si hivyo. Mzigo wake unaingia upande mmoja, unatembea, unatokea upande wa pili. Kwa kila hatua ya gurudumu, sehemu moja ya daraja inaongezewa kazi na nyingine inapumzika. Kwa hiyo mhandisi anauliza, kwa kila sehemu ya daraja: lori likiwa wapi ndipo sehemu hii inapoumia zaidi?

Swali hili lilikuja na reli. Mwezi Mei 1847, karibu na mji wa Chester huko Uingereza, daraja la reli la mto Dee lilivunjika chini ya treni ya abiria. Injini ilifika ng'ambo, mabehewa yakaanguka mtoni, na watu 5 wakafa. Treni zilikuwa zikilipita daraja hilo tangu mwaka uliotangulia. Siku ile ile ya ajali, kokoto zilikuwa zimeongezwa juu yake ili kuukinga mbao zake dhidi ya moto. Wasafiri wa asubuhi wangeweza kusema kwa ukweli mtupu kwamba wao walipita na hakuna kilichotokea.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1867, mhandisi Mjerumani Emil Winkler, aliyekuwa akifundisha mjini Prague, aliieleza njia ya mstari wa athari. Ni mchoro mmoja tu. Chukua boriti ya daraja, chagua sehemu moja unayoijali, kisha tembeza tani 1 kutoka ncha hadi ncha. Kila mahali tani inaposimama, andika sehemu ile imesikia kiasi gani. Ukiunganisha alama hizo, unapata mstari unaopanda na kushuka kama mlima. Mstari ukiwa juu, hapo ni mahali pabaya pa kusimamisha gurudumu. Ukiwa karibu na sifuri, gurudumu hapo halina neno.

Mfano rahisi ni daraja la mita 20 lisilo na nguzo ya kati. Sehemu tunayoijali ni katikati yake, na tunachopima ni nguvu ya kupinda. Nguvu hiyo hupimwa kwa tani-mita, yaani uzito mara umbali. Mtu akibeba ndoo karibu na mwili anavumilia. Akiunyoosha mkono, ndoo ile ile inamshinda. Kwa daraja hili, tani 1 ikiwa kwenye ncha, katikati hapasikii kitu. Tani ikifika katikati, panasikia tani-mita 5. Mstari ni mlima wenye kilele kimoja, na kilele kiko pale ambapo kila mtu angekitarajia. Lori la tani 24, tukilihesabu kana kwamba uzito wake wote uko mahali pamoja, linaleta tani-mita 120.

Lakini si madaraja yote yanayotii matarajio.

GOGO NA WABEBAJI WATATU

Watu wawili wakibeba gogo, kila mmoja kwenye ncha yake, ni rahisi kusema nani anabeba kiasi gani. Akiongezwa wa tatu katikati, hesabu hiyo inavunjika. Wa kati akiwa mrefu, anabeba sehemu kubwa. Akiwa mfupi, anatembea huru huku wenzake wakitokwa na jasho. Gogo likiwa laini, linamlalia. Likiwa gumu, linampita juu. Uzito wa gogo haujabadilika, lakini mizani peke yake haiwezi tena kusema nani anabeba nini. Lazima ujue pia urefu wa kila mbebaji na ugumu wa gogo.

Boriti moja isiyokatwa, inayopita juu ya nguzo tatu au zaidi, ni kama gogo hilo. Tuiite boriti mfululizo. Kalvati za masanduku zenye vyumba viwili au vitatu, ambazo ziko katika barabara nyingi za mashambani, nazo ni za ukoo huo, kwa sababu ukuta wa kati na dari vimemwagwa kama kitu kimoja.

Kwa nini wahandisi wakaitaka shida hiyo? Kwa sababu ina faida. Chukua daraja lenye spani mbili, yaani nafasi mbili kutoka nguzo hadi nguzo, kila moja mita 20. Likiwa na boriti mbili zilizokatwa juu ya nguzo ya kati, lori letu la tani 24 likisimama katikati ya spani moja linaleta tani-mita 120, kama kwanza. Boriti ikiwa moja mfululizo, lori lile lile mahali pale pale linaleta tani-mita 97.5. Spani ya pili imeshika mkono wa jirani yake. Robert Stephenson, aliyekuwa mhandisi wa daraja la Dee, alitumia ujanja huo katika daraja la Britannia huko Wales, lililofunguliwa mwaka 1850: mabomba makubwa ya chuma ambayo treni zilipita ndani yake yaliunganishwa yakawa boriti moja.

Jirani akikusaidia kubeba, naye analemewa. Hapo ndipo mambo yanapogeuka.

JARIBIO LA UFITO

Ufito wa mwanzi wa mita 2 na mawe matatu yenye kimo sawa vinatosha. Laza ufito juu ya mawe, moja kila ncha na moja katikati. Bonyeza kwa kidole katikati ya upande wa kushoto. Ufito utashuka chini ya kidole, na wakati huo huo upande wa kulia utainuka. Ncha ya kulia itataka kuliacha jiwe lake. Kidole hakijagusa upande huo kabisa.

Sasa funga ncha zote mbili kwenye mawe yake zisiinuke. Ondoa jiwe la kati, kisha inua ufito pale lilipokuwa kwa sentimita 10. Tazama umbo lake. Robo ya njia kutoka ncha, ambapo ni katikati ya upande wa kushoto, ufito utakuwa umepanda karibu sentimita 6.9. Umbo hilo ndilo mstari wa athari wa nguzo ya kati. Sentimita 6.9 kati ya 10 maana yake ni kwamba mzigo ukisimama hapo, nguzo ya kati inabeba karibu asilimia 69 ya uzito wake. Lori letu la tani 24 linaipa nguzo tani 16.5. Vingekuwa vifito viwili vilivyokatwa katikati, mahali hapo pangepanda sentimita 5 tu, na nguzo ingepata tani 12.

Kanuni hii ni ya Heinrich Müller-Breslau, Mjerumani aliyeieleza miaka ya 1880. Ukitaka kujua nguzo itabeba nini, iondoe kwa mawazo, sukuma boriti mahali pake, na umbo la boriti litakupa jibu. Ukitaka kujua nguvu ya kupinda juu ya nguzo, tia bawaba mahali hapo kwa mawazo, kisha ikunje kidogo. Leo kompyuta hufanya hesabu zenyewe, lakini mhandisi bado huchora umbo hilo kwanza, ili ajue kama kompyuta imesema kweli.

MAMBO MATATU YASIYOTARAJIWA

Kwa daraja letu la spani mbili za mita 20, mistari ya athari inasema mambo matatu ambayo macho hayayaoni.

La kwanza linahusu mgongo wa daraja juu ya nguzo ya kati. Katikati ya spani, boriti hupinda kwenda chini. Tumbo lake linavutwa, na nondo za kulishikilia huwekwa chini. Juu ya nguzo boriti hupinda kinyume. Mgongo ndio unaovutwa, na nondo huwekwa juu. Mtu angedhani kwamba mgongo huo huumia zaidi lori likiwa juu ya nguzo hasa. Sivyo. Uzito uliokaa juu ya nguzo kabisa unashuka moja kwa moja ndani ya nguzo, na haupindi boriti pale. Mgongo unaumia zaidi lori likiwa mita 11.5 kutoka mwisho wa daraja, yaani mita 8.5 kabla ya kufika kwenye nguzo. Hapo lori la tani 24 linaleta tani-mita 46.

La pili ni kukutana. Lori la pili la uzito huo likiwa mahali kama hapo katika spani ya upande wa pili, mgongo unapata tani-mita 92. Malori hayo yako mbali na nguzo, na yako mbali mita 17 moja na jingine. Dereva wa kila lori anaona ana nafasi tele. Lakini nguzo ya kati imefungwa kati yao kama kamba inayovutwa na timu mbili. Hii ndiyo sababu jana haiwezi kuwa shahidi wa leo. Jana lori lilipita peke yake. Leo limekutana na jingine, au msongamano umeyasimamisha yote mawili darajani.

La tatu ni ncha inayoinuka. Lori likiwa kwenye spani ya kwanza mahali tulipotaja, ncha ya mbali ya daraja inasukumwa juu kwa nguvu ya tani 2.3. Kwa kawaida uzito wa daraja lenyewe huizuia isiinuke. Lakini kama daraja ni jepesi na lori ni zito kupita kiasi, ncha hiyo inaweza kuchezacheza juu ya kiegemeo chake, ikagonga kila lori linapopita. Mwananchi anayeishi karibu na daraja akisikia mgongo wa mlio upande ambao hakuna gari, asidhani ni masikio yake.

EKSELI NA MIZANI

Lori halisi halisimami mahali pamoja. Uzito wake hushuka kupitia ekseli, na kila ekseli iko mahali pake kwenye mstari. Hesabu ni kuzidisha uzito wa kila ekseli kwa kimo cha mstari chini yake, kisha kujumlisha.

Tuchukue lori lenye trela na uzito wa jumla wa tani 50: tani 8 ekseli ya mbele, tani 18 ekseli mbili za kuendesha, na tani 24 ekseli tatu za trela. Ekseli za kuendesha zikiwa juu ya nguzo ya kati, mstari uko 1 kamili, na nguzo inapata tani 18 zote. Ekseli ya mbele ikiwa mita 5 mbele, mstari uko 0.91, nayo inaongeza tani 7.3. Trela ikiwa mita 10 nyuma, mstari uko 0.69, nayo inaongeza tani 16.5. Jumla ni karibu tani 42. Nguzo moja imebeba zaidi ya asilimia 80 ya lori zima.

Uzito huo wa tani 8, 18 na 24 ndio mwisho unaoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti mizigo ya magari kwa makundi hayo ya ekseli. Ekseli moja yenye magurudumu manne inaruhusiwa tani 10. Tazameni vizuri: ekseli tatu zilizokaa pamoja haziruhusiwi tani 30, bali 24. Sababu mojawapo ndiyo hii ya mstari wa athari. Ekseli zilizo karibu hupanda kilele kwa wakati mmoja, na daraja huzisikia kama ngumi moja. Kwa sababu hiyo pia, mzigo uliorundikwa upande mmoja wa trela unaweza kuvunja sheria hata kama uzito wa jumla uko sawa.

NGUZO IKIZAMA

Turudi kwa wabebaji watatu. Wa kati akikanyaga shimo, mzigo wake huwarukia wenzake papo hapo. Daraja la boriti zilizokatwa lina uvumilivu: nguzo ikizama kidogo, barabara inainama tu. Daraja la boriti mfululizo halina uvumilivu huo. Nguzo ya kati ikizama, boriti inaacha kuiegemea kama zamani, na katikati ya spani panabeba zaidi ya kilichopangwa, hata kabla lori halijafika.

Hapa ndipo uchimbaji wa mchanga unapoingia. Mchanga unaochotwa karibu na daraja hushusha kitanda cha mto. Mvua kubwa ikija, maji hukimbia na kula udongo chini ya msingi wa nguzo. Anayechota mchanga hapo anaweza kulidhuru daraja kuliko anayelivusha kwa lori, na mara nyingi ni lori lile lile.

KILA MTU NA SEHEMU YAKE

Dereva wa lori zito aheshimu kibao cha uzito kama kilivyoandikwa. Akiona lori jingine zito liko darajani, asubiri litoke, hata kama barabara ina njia mbili. Msongamano ukiwa mbele, asimame kabla ya daraja, asisimame juu yake. Apunguze mwendo, kwa maana gurudumu linalorukia shimo kwenye maingilio hupiga daraja kwa nguvu kuliko uzito wake.

Mwenye lori apange mzigo usambae juu ya ekseli zote, na asimlazimishe dereva kuongeza.

Wanaoishi karibu na daraja ni macho yetu. Ufa unaokatiza barabara juu ya nguzo ya kati ni wa kuangaliwa, hata kama tumbo la daraja linaonekana safi, kwa sababu kwenye boriti mfululizo mgongo ndio unaovutwa hapo. Maji yakiingia kwenye ufa huo hufika kwenye nondo za juu na kuzilisha kutu. Vivyo hivyo, nguzo ambayo msingi wake umeachwa wazi na mto, vyuma vya pembeni vilivyokuwa vimenyooka na sasa vimepinda, na ncha inayogonga gari likipita, zote ni habari za kupelekwa kwa msimamizi wa wadi au ofisi ya barabara ya kaunti. Daraja likiwa kwenye barabara kuu ya kitaifa, mwenye jukumu ni KeNHA, lakini habari ikifika kwenye wadi itapelekwa panapohusika. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa daraja hujengwa kwa fedha za zahanati na madarasa.

Kibao kinapopunguza uzito, wengine husema daraja limeoza. Si lazima iwe hivyo. Huenda mhandisi amechora mstari wa athari wa daraja lililojengwa kwa malori mepesi ya zamani, akaweka juu yake trela za leo, mbili zikikutana mahali pabaya kuliko pote, akaona nafasi iliyobaki ni ndogo. Kibao hakisemi kwamba lori moja litaliangusha daraja leo. Kinasema kwamba siku ya malori mawili, mvua na msongamano itafika, na siku hiyo huenda darajani pakawa na matatu ya watoto wa shule kati ya malori hayo.